Mkono Kabla ya Jina: Carl Barks na Wasomaji Waliomtafuta

Makusudi ya makala haya ni kueleza namna wasomaji wa hadithi za picha huko Marekani walivyomtambua mchoraji mmoja kwa mkono wake miaka mingi kabla ya kulijua jina lake, na namna walivyokutana naye hatimaye, uso kwa uso, katika kongamano la wapenzi wa hadithi hizo. Mchoraji huyo ni Carl Barks, aliyezaliwa katika jimbo la Oregon tarehe 27 Machi, 1901, akafariki katika jimbo hilo hilo tarehe 25 Agosti, 2000. Habari zake zimekwisha kusimuliwa mara nyingi na wapendao michoro. Hapa zitatazamwa kwa jicho la mtaalamu wa lugha, kwa kuwa ndani yake mna swali limpasalo kila achunguzaye maandishi yasiyo na jina la mtungaji: msomaji ajuaje ya kuwa kazi hii na ile ni za mtu mmoja, na akiisha kujua, ana deni gani kwa mtu huyo?

Istilahi

Kwanza yafaa kuyaangalia maneno yenyewe. Kiswahili kina neno katuni, lililotoka katika Kiingereza, na pamoja nalo kuna kibonzo na kikaragosi. Maneno haya aghalabu hutumika kwa picha moja ya kuchekesha au ya kukosoa, kama zile zinazopatikana katika magazeti ya kila siku. Kwa mfululizo wa picha unaosimulia kisa kwa mpango, ambamo maneno ya wasemaji yameandikwa ndani ya viputo juu ya vichwa vyao, jina hadithi ya picha lafaa zaidi, maana latilia mkazo usimulizi. Jina la mwenye kazi hiyo lina taabu kubwa zaidi. Mtu akiitwa mchoraji wa katuni, msikilizaji huuona mkono wake na kalamu yake, lakini hauoni utungaji wake. Na akiitwa mtungaji, mkono hupotea. Barks alikuwa yote mawili. Katika sehemu kubwa ya kazi yake alibuni kisa, akaandika mazungumzo, kisha akachora. Kwa sababu ya ufupi ataitwa mchoraji katika makala haya, ila msomaji akumbuke ya kuwa maneno ya mabata wake pia yalikuwa yake.

Neno jingine ni lile la mtu apendaye kazi hizo. Shabiki ni neno lililozoeleka katika mpira na muziki, nalo hubeba fikira ya upande: shabiki wa timu hii hushindana na shabiki wa timu ile. Mpenzi, kama katika kusema wapenzi wa ushairi, laelekea zaidi kwa msomaji wa hadithi za picha, ambaye hana mchezo wa kushinda wala kushindwa. Ama mkusanyiko wa wapenzi hao, Kiswahili chaweza kuuita kongamano au tamasha. Kwa kweli mikusanyiko hiyo ina tabia ya vyote viwili: watu husikiliza mazungumzo na kuuliza maswali kama wafanyavyo wataalamu, kisha hununua, huuza, hucheka na kupanga foleni kama katika sikukuu.

Kazi isiyotiwa sahihi

Katika magazeti ya Marekani, mchoraji wa hadithi za picha za kila siku kwa desturi alitia sahihi. Charles Schulz, ambaye hadithi yake ya Peanuts ilianza tarehe 2 Oktoba, 1950, na kukoma tarehe 13 Februari, 2000, aliandika jina lake ndani ya picha zake, hata wasomaji wake walimjua kwa jina. Mambo yalikuwa mengine kabisa katika vijitabu vya hadithi za picha vilivyotolewa kwa jina la kampuni kubwa. Vijitabu vya Donald Duck na wenzake vilikuwa na jina moja tu la mtu juu yake, nalo ni Walt Disney. Wachoraji waliofanya kazi hiyo hawakutajwa.

Barks alijiunga na studio ya Disney mwaka 1935, akafanya kazi katika filamu za Donald Duck. Mwaka 1942 alishiriki na mwenziwe Jack Hannah kuchora kijitabu cha kwanza cha Donald cha asili ya Kimarekani, na mwaka huo huo akaiacha studio. Tangu mwaka 1943 alichora nyumbani kwake, kusini mwa California, kwa ajili ya kampuni ya Western, iliyotengeneza vijitabu vya Disney. Alilipwa kwa ukurasa. Hakuwa na fungu lolote katika mauzo. Kwa njia hiyo alitoa kurasa zipatazo elfu sita kabla na baada ya kustaafu mwaka 1966. Ni yeye aliyembuni Scrooge McDuck, bata tajiri bahili, mjomba wa Donald, aliyeonekana mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1947. Gazeti lililochukua hadithi zake fupi, Walt Disney's Comics and Stories, lilipofika mwaka 1953 lilikuwa likiuza nakala zipatazo milioni tatu kila mwezi. Yumkini hapakuwa na mtungaji mwingine wa Marekani katika siku zile aliyesomwa na watoto wengi hivyo na kujulikana na wachache hivyo.

Jambo moja la maisha yake lapasa kutajwa. Tangu ujana masikio yake yalikuwa mazito, na uzito huo ukazidi kwa umri. Mtu aliyesikia kwa shida ndiye aliyeandika mazungumzo ambayo wasomaji waliyasifu kwa uhai wake. Mkewe Garé, waliyeoana mwaka 1954 na ambaye naye alikuwa mchoraji, alimsaidia kuandika herufi ndani ya viputo na kujaza wino. Basi hata ule mkono mmoja uliotambuliwa na wasomaji ulikuwa, katika sehemu ya herufi, mikono miwili. Nao wa pili ulikuwa umefichika zaidi kuliko wa kwanza.

"Yule mchoraji mzuri wa mabata"

Hapana mtu aliyewaambia wasomaji ya kuwa hadithi za Donald zilichorwa na watu mbalimbali. Hata hivyo baadhi yao, wengi wakiwa watoto, waliona tofauti. Waliona ya kuwa hadithi fulani zilikuwa na mabata ambao nyuso zao zilibadilika kwa kila fikira, ambao miili yao iliinama na kuruka kwa uzani wa kweli. Ya kuwa nyuma ya mabata hao palikuwa na milima, meli na magofu yaliyochorwa kwa uangalifu, kwani Barks alikuwa na desturi ya kutazama picha za gazeti la National Geographic kabla ya kuchora nchi za mbali. Na ya kuwa kisa kilikuwa na mwanzo, fundo na mwisho uliotokana na tabia za wahusika. Hadithi nyingine katika gazeti lile lile hazikuwa hivyo. Kwa hiyo wakampa mtu wasiyemjua jina la kumpambanulia, ambalo kwa Kiswahili laweza kutafsiriwa hivi: yule mchoraji mzuri wa mabata.

Jina hili lastahili kuchunguzwa kwa makini. Sehemu yake ya kwanza ni kionyeshi yule. Katika Kiswahili kionyeshi hiki, kinapotangulia nomino, humrejea mtu ambaye msemaji na msikilizaji wamekwisha kumjua, ijapokuwa hayupo mbele yao. Kiingereza hufanya kazi hiyo kwa kibainishi chake, na katika lugha zote mbili matokeo ni mamoja: jina huchukulia ya kuwa yuko mtu mmoja mahsusi, na ya kuwa wanaozungumza wanamkusudia mmoja huyo huyo. Wasomaji hawa walikuwa wakitumia neno la ujuzi kwa mtu ambaye hawakuwa na picha yake, wala jina, wala anwani. Ujuzi wao wote ulitoka katika karatasi.

Sehemu ya pili ni sifa, mzuri. Kwa kawaida sifa hii husifu; hapa inachagua. Kusema mchoraji mzuri ni kukiri ya kuwa wako wachoraji wengine, yaani ni kukanusha jina lililoandikwa juu ya jalada. Mtoto aliyesema hivyo alikuwa ametoa hoja ya kitaalamu pasipo kujua: kwamba maandishi haya yana watungaji wengi, na kwamba mmoja wao aweza kutengwa kwa dalili zilizomo ndani ya maandishi yenyewe.

Wachunguzi wa ushairi wa Kiswahili hawatakuta jambo geni hapa. Watunzi wengi wa tendi walitaja majina yao katika beti za mwisho, lakini mashairi mafupi mara nyingi yalipita midomoni mwa watu bila hati. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilihifadhiwa kwa kumbukumbu za wenyeji, zikakusanywa miaka mingi baada ya kufa kwake na Mwalimu Sikujua akishirikiana na W. E. Taylor, na diwani yake ikachapwa na William Hichens mwaka 1940. Mtu akitaka kuamua kama shairi fulani ni la Muyaka au la mwenziwe, hana budi kuangalia msamiati, urari wa vina, matukio yaliyotajwa na namna ya kumpiga mpinzani kwa neno. Njia hiyo ndiyo waliyoifuata wasomaji wa Barks. Tofauti ni hii, kwamba mtungaji wao alikuwa hai, naye angaliweza kuulizwa.

Barua na makongamano

Mwaka 1960 msomaji mmoja alifaulu kulipata jina la Barks na kumwandikia barua ya sifa. Barks alikuwa na umri wa miaka 59, naye alikuwa amewachora mabata kwa miaka kumi na minane. Jibu la kwanza la moyo wake lilikuwa shaka: alidhani ya kuwa rafiki mmojawapo anamfanyia mzaha. Shaka hiyo yaonyesha hali ya mtungaji asiyetajwa. Aliyezoea kutosikia neno kutoka kwa msomaji huona sifa kuwa ni jambo lisilosadikika. Barua nyingine zilifuata, kisha wageni wakaanza kubisha mlangoni.

Katika miaka hiyo hiyo wapenzi wa hadithi za picha walianza kukusanyika kwa wingi. Mkutano wa San Diego, ambao baadaye ulivuma kuliko yote, ulianza mwaka 1970 kwa juhudi za Shel Dorf na vijana wenziwe. Kongamano lake la siku tatu mwezi wa Agosti mwaka huo lilihudhuriwa na watu wapatao 300, nao wachoraji na waandishi kama Jack Kirby na Ray Bradbury walifika. Katika karne hii idadi hiyo imepita watu 100,000. Schulz alifika San Diego mwaka 1974. Ufaransa nayo ilianza mkutano wake mjini Angoulême mwaka huo wa 1974, na huko ikaenea desturi ya msomaji kumpelekea mchoraji kitabu, naye akakitia sahihi pamoja na mchoro mdogo wa mhusika apendwaye.

Desturi hii yaeleza jambo analolitafuta msomaji. Mwandishi wa riwaya akitia sahihi, msomaji hupata jina tu; maneno ya kitabu yalipigwa chapa na mashine. Mchoraji akichora, msomaji huuona mstari ule ule aliousoma utotoni ukitoka katika kalamu mbele ya macho yake. Sahihi ni ushahidi wa jina, na mchoro ni ushahidi wa mkono. Kwa mchoraji ambaye kwa miaka mingi mkono wake ulionekana na jina lake likafichwa, karatasi hiyo moja huviunganisha vitu viwili vilivyokuwa vimetenganishwa.

Boston, 1976

Barks alihudhuria kongamano la hadithi za picha kwa mara ya kwanza mwaka 1976, katika mkutano wa Newcon mjini Boston, akifuatana na Garé. Alikuwa na umri wa miaka 75. Miaka thelathini na minne ilikuwa imepita tangu kijitabu chake cha kwanza. Mambo matatu ya mkutano huo yafaa kuelezwa.

La kwanza ni kwamba Barks hakukutana na wasomaji peke yao. Alikutana pia na John Stanley, aliyetunga kwa muda mrefu hadithi za msichana mdogo aitwaye Little Lulu. Wote wawili walikuwa wameifanyia kazi kampuni ya Western tangu miaka ya 1940, lakini hawakuwa wamepata kuonana. Mpango wa kazi ulioficha majina yao mbele ya wasomaji uliwaacha pia mafundi wa karakana moja wasijuane. Kongamano la wasomaji ndilo lililowakutanisha.

La pili ni mnada. Tangu mwaka 1971 Barks alikuwa amepewa ruhusa na kampuni ya Disney kuwachora mabata kwa rangi za mafuta na kuziuza picha hizo. Huko Boston ilinadiwa picha yake kubwa kuliko zote alizokuwa amekwisha kuchora hadi siku ile, ikionyesha shamrashamra za tarehe 4 Julai katika mji wa Duckburg, mji alioubuni yeye mwenyewe. Ilinunuliwa kwa dola 6,400, nayo ilikuwa bei isiyopata kufikiwa na picha zake kabla ya hapo. Lakini kwa makala haya lililo kubwa kuliko bei ni umati uliochorwa ndani yake: miongoni mwa watu wa Duckburg, Barks alikuwa ametia nyuso za baadhi ya wasomaji na wakusanyaji wa kazi zake. Waliomtafuta kwa kutazama mstari wake wakawa wenyewe mstari wake. Kuna mfano wa namna hii katika maisha ya Shel Dorf, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa Milton Caniff tangu utoto. Baadaye Caniff alimwajiri kuandika herufi katika hadithi yake ya Steve Canyon, na Dorf akaifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, hata hadithi hiyo ilipokoma mwaka 1988. Msomaji aliyezoea kuyasoma maneno ndani ya viputo akawa ndiye anayeyaandika.

La tatu lina uchungu. Muda mfupi baada ya mkutano, mpenzi mmoja aliuza nakala za baadhi ya picha za rangi pasipo idhini, na kwa sababu hiyo kampuni ikaiondoa ruhusa iliyompa Barks. Kosa lilikuwa la mwingine, na adhabu ikamwangukia mzee. Ruhusa ilipatikana tena mapema katika miaka ya 1980. Tukio hili lakumbusha ya kuwa kupata jina si sawa na kupata haki. Watu wote waliokuwa Boston walijua mabata wale walitoka katika mkono wa nani. Sheria ilijua ni mali ya nani, na majibu hayo mawili hayakulingana. Aidha lafundisha ya kuwa mapenzi ya msomaji yana uwezo wa kudhuru. Yule atamaniye kuwa karibu na mkono wa mtungaji aweza, asipojizuia, kuuchukua kama mali yake.

Jina la mhusika na jina la mchoraji

Katika Afrika ya Mashariki hadithi na michoro ya magazeti ya Kiswahili imepita njia nyingine. Hapa mhusika mara nyingi ametangulia, na mchoraji amemfuata. Juha Kalulu wa gazeti la Taifa Leo alijulikana na wasomaji wengi wa Kenya kuliko Edward Gitau aliyemchora. Kadhalika Chakubanga wa gazeti la Uhuru alikuwa maarufu kuliko Christian Gregory. Nchini Tanzania Ali Masoud ameitwa na watu wote Masoud Kipanya, kwa sababu ya yule panya mdogo wa michoro yake. Kwa Barks, jina la mwenye kampuni lilimfunika mtungaji. Kwa Masoud, kiumbe kimempa muumba wake jina. Msomaji wa Dar es Salaam amwitapo mchoraji kwa jina la panya, hamvunjii heshima. Anatumia njia ya zamani ya Waswahili ya kumwita mtu kwa kile alichokizaa, kama vile mama aitwavyo kwa jina la mwanawe.

Hata hivyo jina la namna hiyo hudumu muda ule tu ambao wapo wamjuao mtu mwenyewe. Magazeti ya Kiswahili ya karne iliyopita yana michoro mingi iliyohifadhiwa katika maktaba, na mtafiti aifunguapo aweza kukuta mhusika ana jina na mchoraji hana. Sarufi ya magazeti hayo imechunguzwa, misamiati yake imeorodheshwa, lakini viputo vyake havijapata kuhesabiwa sana miongoni mwa maandishi yenye watungaji. Njia ya kuwatambua watungaji hao haihitaji chombo kipya. Ni ile ile ya wasomaji wa Barks: kuweka kurasa kando kwa kando, kutazama umbo la herufi, mkunjo wa nguo, maneno apendayo msemaji kuyarudia, na namna kisa kinavyofungwa; kisha kwenda kumtafuta mtu, au jamaa zake, na kuuliza.

Barks aliishi hata akakaribia miaka mia moja, na mwaka 1994, alipokuwa na miaka 93, alizitembelea nchi kadha za Ulaya ambako wasomaji wake walikuwa wengi. Alipata muda wa kuyasikia, kwa kadiri masikio yake yalivyomruhusu, yale ambayo hakuambiwa katika miaka yake ya kazi. Wachoraji wengi hawapati umri huo. Mtafiti akiahirisha kuuliza, swali lake litajibiwa na karatasi peke yake, na karatasi huonyesha mkono tu.